Besi Isiyosikika: Amplifaya Dhaifu na Majuto ya Wapigaji, kutoka Uwanda wa Ruzizi hadi Dar es Salaam na Nairobi

Historia ya muziki wa dansi wa Kongo na Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kuwafuata waimbaji na wapigaji wa gita la solo, kwa kuwa hao ndio waliobeba majina ya bendi na ndio ambao sauti zao zilifika mbali hata kupitia redio ndogo ya mfukoni. Mpiga besi, ambaye kazi yake ni kuunganisha ngoma na magita na kuwaonyesha wachezaji mahali pa kukanyaga, amebaki nyuma ya wenzake katika maandishi kama alivyobaki nyuma yao jukwaani. Sababu yake kubwa haikuwa uhaba wa ufundi, bali chombo kilichosimama mgongoni mwake, yaani amplifaya, mtambo unaopokea mtetemo dhaifu wa nyuzi na kuukuza hadi uweze kusukuma spika, ambao wanamuziki wa Kongo huuita kwa kifupi ampli. Wapiga besi wa kizazi chochote wakikumbuka ampli zilizopita mikononi mwao, kumbukumbu hiyo huandamana na majuto: ampli hii ilikoroma, ile ilipasua spika usiku wa kwanza, nyingine iliuzwa kwa shida na hakikupatikana tena chombo kama hicho. Majuto ni mjukuu, husema wahenga, na mjukuu huyu ana ukoo mrefu unaopita katika sheria za sauti, katika njia za biashara, katika umeme na katika swali la nani alimiliki vyombo. Ukoo huo ukifuatwa, hubainika kwamba kosa ambalo mpigaji alijilaumu nalo mara nyingi halikuwa lake.

Luvungi na njia ya vyombo

Ukoo huo waweza kuanza kufuatwa Luvungi, iliyo katika Uwanda wa Ruzizi, wilayani Uvira, ndani ya usultani wa Bafuliiru, kando ya barabara inayounganisha Bukavu na Uvira katika mkoa wa Kivu Kusini. Msafiri anayetoka Bukavu, mji uliojengwa ufukoni mwa Ziwa Kivu katika kimo cha karibu meta 1,500, hupitia Nyangezi, akateremka mteremko mkali wa Ngomo hadi Kamanyola, kisha akaingia katika uwanda wenye joto unaoufuata mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika, ambalo liko chini ya Ziwa Kivu kwa takribani meta 700. Umbile hilo la nchi lina uzito katika historia ya vyombo vya umeme, kwa sababu mteremko uleule unaoyapa maji ya Ruzizi nguvu ya kuzalisha umeme ndio unaoyatikisa malori na mizigo yake, na joto la uwandani ndilo linalozidisha lile ambalo ampli hujitengenezea yenyewe ndani ya sanduku lake.

Njia ya bidhaa nayo ilikuwa ndefu. Kwa mkataba wa mwaka 1921 Uingereza iliipa Ubelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, hivyo kwamba mizigo ya Kongo ya mashariki na ya Ruanda-Urundi iliweza kushushwa pwani, ikasafirishwa kwa reli ya kati hadi Kigoma, ikavushwa ziwani hadi Usumbura, mji unaoitwa leo Bujumbura, au hadi Uvira, na kutoka huko ikapandishwa kwa gari kuelekea Bukavu. Mashine ya ushonaji au gunia la chumvi huistahimili safari kama hiyo. Ampli ya zamani haikuistahimili vema, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na vali, yaani taa ndogo za kioo zinazokuza umeme, pamoja na transfoma nzito iliyofungwa kwa skrubu chache, na kila mtikisiko uliweza kulegeza soketi za vali au kupasua maungio ya risasi. Chombo kilichotoka kiwandani kikiwa kizima kiliweza kumfikia mnunuzi kikiwa na ugonjwa ambao ungejitokeza baada ya miezi, na mnunuzi akadhani kosa ni lake.

Kabla ya umeme: kidole gumba, sanduku na kontrabasi

Sauti ya chini katika muziki wa ukanda huu ni ya zamani kuliko umeme, na vyombo vyake vya mwanzo havikuhitaji ampli yoyote. Katika Katanga ya miaka ya 1950, wapigaji wa gita kavu walioimba kwa Kiswahili, na maarufu kati yao akiwa Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952, waliigawa kazi ya mkono wa kulia mafungu mawili: kidole gumba kilitembea kwenye nyuzi nzito kikibeba besi, huku kidole cha shahada kikicheza wimbo juu yake. Mtu mmoja alikuwa bendi nzima, na mizani kati ya besi na wimbo ilikuwa mikononi mwake mwenyewe.

Mahali ambapo kikundi kilihitaji besi ya peke yake, mafundi waliitengeneza kwa vitu vilivyokuwa karibu. Katika Zambia ya kaskazini na Katanga kulikuwa na kalindula, chombo cha besi chenye nyuzi chache na kitoa mwangwi cha pipa au debe, ambacho baadaye kiliupa mtindo mzima wa muziki jina lake. Unguja, katika vikundi vya kidumbak, besi ilipigwa kwa sanduku, yaani kasha la kusafirishia majani ya chai lililopachikwa fimbo na uzi mmoja, ambapo mpigaji huivuta fimbo ili kukaza au kulegeza uzi na hivyo kubadilisha noti. Katika bendi za mijini na katika taarab kulikuwa na kontrabasi, fidla kubwa inayopigwa kwa kusimama. Vyombo hivi vyote vina jambo moja la pamoja ambalo historia ya ampli huwafanya watu walisahau: kila kimoja kina sanduku kubwa la hewa lililolingana na kazi yake, na sanduku hilo ndilo linaloizaa sauti ya chini. Fundi wa kidumbak alijua kwamba kasha dogo halitoi besi, na ujuzi huo ulikuja kupotea pale umeme ulipowafanya watu waamini kwamba chombo kidogo kikichomekwa ukutani kitanguruma kama kikubwa.

Ujio wa gita la besi

Gita la besi la umeme lililoenea duniani lilitolewa na Leo Fender huko California mwaka 1951, na mwaka uliofuata kampuni yake ikatoa ampli ya kuandamana nalo, iliyoitwa Bassman, yenye spika moja ya inchi 15 na nguvu ya wati zisizofika 30. Historia ya ampli hiyo inafaa kuelezwa, kwa sababu inaonyesha kwamba hata watengenezaji wa kwanza hawakuwa wamelitatua tatizo. Bassman ilibadilishwa miaka michache baadaye ikapewa spika nne za inchi 10, na wapigaji wa gita la kawaida wakaipenda mno, kwa kuwa ilipozidiwa nguvu ilitoa mkwaruzo uliowafurahisha, kiasi kwamba Jim Marshall wa London alipoanza kuunda ampli zake mwaka 1962 aliufuata mpangilio wa ndani wa mashine hiyo. Kile kilichokuwa uzuri kwa gita kilikuwa upungufu kwa besi. Mwaka huohuo wa 1962, kundi la Beatles lilipokuwa bado linatafuta njia, Paul McCartney alilazimika kutengenezewa huko Liverpool sanduku kubwa la spika, lililofananishwa na jeneza kwa ukubwa na umbo lake, ili gita lake la besi lisikike. Ikiwa Liverpool yenye viwanda na maduka ilihangaika hivyo, haishangazi kwamba Kivu ilihangaika zaidi.

Nchini Kongo gita la umeme huhusishwa na Mbelgiji Bill Alexandre, aliyefika Léopoldville, leo Kinshasa, mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuendesha studio ya CEFA. Studio za wakati ule, kama vile Ngoma iliyoanzishwa na Mgiriki Nicolas Jéronimidis mwaka 1948, na Loningisa iliyofuata, ndizo zilizokuwa na vyombo, na wanamuziki walivipiga kwa idhini ya wenye studio. Besi iliendelea kwa muda kuwa kontrabasi. Bendi ya African Jazz ya Joseph Kabasele iliposafiri kwenda Brussels mwezi Januari 1960, wakati wa mkutano wa Meza ya Duara uliojadili uhuru, kazi ya besi ilipewa Armand Moango, aliyejulikana kama Brazzos, mpigaji wa gita kutoka OK Jazz. Mwelekeo huo wa mpiga gita kugeuzwa mpiga besi ulikuwa wa kawaida, na uliacha alama yake, kwa kuwa mtu aliyetoka kwenye gita alikuja na mazoea ya gita na mara nyingi pia na ampli ya gita.

Sababu za kimaumbile za besi kukataa

Ili majuto ya wapigaji yaeleweke, ni lazima kueleza kile ambacho sauti ya chini hukidai. Uzi mzito zaidi wa gita la besi hutetema takribani mara 41 kwa sekunde, ambayo ni nusu ya mitetemo 82 ya uzi mzito wa gita la kawaida. Noti inaposhuka kwa oktavu moja, karatasi ya spika, yaani ile koni yenye umbo la faneli inayosukuma hewa, hulazimika kusogea mbele na nyuma umbali mara nne zaidi ili kutoa sauti yenye nguvu ileile. Spika iliyoundwa kwa ajili ya gita haina nafasi ya mwendo huo. Ikilazimishwa, koili yake, yaani waya mwembamba uliozungushwa ndani ya sumaku, hutoka njiani, hugonga, hukwaruza na hatimaye huungua au hupasua karatasi. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na methali hiyo ya ngozi na mbao ililingana neno kwa neno na spika za besi.

Sikio nalo huongeza mzigo. Watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell nchini Marekani walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio la binadamu husikia sauti za chini kwa udhaifu zaidi kuliko zile za kati, hasa zinapokuwa si kubwa, hivyo besi huhitaji nguvu nyingi zaidi ili ionekane iko sawa na gita na sauti ya mwimbaji. Tena, ili sauti isikike maradufu masikioni, nguvu ya umeme huhitaji kuongezwa karibu mara kumi. Kwa hesabu hiyo, kutoka wati 30 za Bassman hadi wati 300 za ampli ya SVT ambayo kampuni ya Ampeg iliitoa mwaka 1969, mpigaji alipata takribani maradufu ya ukubwa wa sauti tu, na kwa malipo ya mtambo ambao kichwa chake peke yake, bila sanduku la spika, kilizidi kilo 35.

Jambo la tatu ni sanduku, ambalo nchini Kongo huitwa bafle kwa kufuata Kifaransa. Spika inaposukuma hewa mbele, huivuta nyuma kwa wakati huohuo, na sanduku likiwa wazi mgongoni, kama yalivyokuwa masanduku mengi ya ampli za gita, wimbi la nyuma huzunguka na kulifuta wimbi la mbele katika sauti za chini. Ukubwa wa sanduku na wa tundu lake huhitaji kulingana na spika yenyewe, na kanuni za kuukokotoa ulinganifu huo zilipangwa vizuri na Neville Thiele huko Australia mwaka 1961, kisha zikaendelezwa na Richard Small katika miaka ya 1970. Fundi seremala wa Bukavu au wa Uvira aliyepewa kazi ya kutengeneza bafle hakuwa na kanuni hizo, na alilifuata umbo aliloliona kwenye picha. Sanduku zuri machoni likawa bubu katika noti moja na lenye kelele katika noti nyingine, na mpigaji akabaki akijiuliza kwa nini wimbo mmoja husikika na mwingine hupotea.

Swali la mwenye vyombo

Majuto ya kumiliki ampli mbovu yanachukulia kwamba mpigaji alikuwa na cha kumiliki, lakini katika sehemu kubwa ya historia ya ukanda huu vyombo vilikuwa vya mtu au taasisi nyingine. Tanzania, mfumo huo ulikuwa wazi: NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na bendi nyingine zilikuwa za jeshi, polisi, viwanda na mashirika ya umma, ambapo wanamuziki waliajiriwa kwa mshahara na vyombo vikawa mali ya mwajiri. Katika lugha ya wanamuziki, neno vyombo lenyewe lilibeba maana ya magita, ngoma, ampli na spika kwa pamoja, na mwenye vyombo alikuwa ndiye mwenye bendi, hata kama hakujua kupiga noti moja. Mpiga besi aliyehama bendi aliiacha ampli aliyokuwa ameizoea, akaikuta nyingine ambayo hakuichagua.

Wanamuziki wa Kongo ya mashariki na kusini waliohamia Afrika Mashariki waliingia katika mfumo huo. Baba Gaston na bendi yake kutoka Lubumbashi walifika Dar es Salaam mwaka 1971 na Nairobi mwaka 1975, na mwaka 1976 wanamuziki waliomwacha wakaanzisha Les Mangelepa. Maquis du Zaïre, iliyokuwa na asili yake Kamina huko Katanga, ilifika Dar es Salaam katika miaka hiyohiyo ya mwanzo ya 1970. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947, aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Mara nyingi mgawanyiko wa bendi ulianza pale mtu mwenye fedha alipotokea na vyombo vipya, kwa kuwa vyombo vizuri vilikuwa ahadi nzito kuliko mshahara. Mpigaji ambaye kwa miaka alikuwa haisikii besi yake mwenyewe juu ya tarumbeta na ngoma aliiona ampli mpya kama haki aliyocheleweshewa.

Mabadiliko ya mtindo yalizidisha haja hiyo. Zaiko Langa Langa, iliyoanzishwa Kinshasa mwishoni mwa mwaka 1969, iliachana na tarumbeta na saksafoni, ikaipa kipaumbele drams, yaani seti ya ngoma inayopigwa na mtu mmoja kwa fimbo na kanyagio, na mdundo wake wa kavasha ukaenea hadi Nairobi na Dar es Salaam. Mpiga besi kama Bapius wa Zaiko, au Decca Mpudi wa TPOK Jazz, alihitajika kushindana na ngoma kubwa ya kanyagio inayotoa sauti katika eneo lilelile la chini anakocheza yeye. Ampli iliyotosha wakati wa tumba na kontrabasi haikutosha tena, na chombo ambacho mwaka 1960 kilikuwa fahari kikawa aibu muongo mmoja baadaye bila ya kuharibika.

Maduka yaliyofungwa na ufundi uliozaliwa

Wakati haja ilipokuwa inapanda, njia ya kuitosheleza ilizibwa. Tarehe 30 Novemba 1973 serikali ya Rais Mobutu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, ilitangaza kuzitwaa biashara za wageni, hatua iliyojulikana kama uzairishaji, na maduka ya Wagiriki, Waasia na Wareno yaliyokuwa yakiagiza bidhaa za nje yakakabidhiwa kwa wenye mamlaka ambao wengi wao hawakuwa na uzoefu wala mikopo ya kuagiza tena. Mwaka uliofuata bei ya shaba ilianza kuporomoka na fedha za kigeni zikaadimika. Tanzania nayo iliingia katika uhaba wa namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970, hasa baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Katika hali hiyo vali moja iliyoungua iliweza kuinyamazisha ampli kwa miezi, kwa kuwa dukani haikuwepo na kuiagiza hakukuwezekana.

Ndipo fundi redio alipokuwa mhimili wa muziki. Fundi alisuka upya koili za spika kwa waya uliotolewa kwenye mota chakavu, akabandika karatasi zilizopasuka kwa gundi na vipande vya nguo, akaweka transista mahali pa vali zisizopatikana, na akaunganisha spika mbili zisizofanana katika bafle moja. Ujuzi huo ulikuwa mkubwa, lakini ulikuwa na mtego ambao wapigaji waliujua kwa hasara, nao ni ukinzani, yaani kipimo kinachohesabiwa kwa omu cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4, na ampli ambayo haikuundwa kuubeba mzigo huo hupata joto kupita kiasi na kuungua. Mpigaji aliyeongeza spika ya pili ili apate sauti zaidi aliweza kuipoteza hata ile aliyokuwa nayo. Transista za mapema nazo zilikuwa dhaifu mbele ya joto, na joto ni jambo lisilokosekana katika uwanda kama wa Ruzizi, ambako dansi au ibada ya mchana hufanyika chini ya bati.

Vita viliongeza sura yake. Mwezi Mei 1964 waasi waliiteka Uvira, na mapigano yakaufuata uwanda hadi Kamanyola. Mwaka 1967 Bukavu ilikaliwa kwa miezi kadhaa na mamluki wa Jean Schramme. Na Oktoba 1996 vita vilivyomwangusha Mobutu vilianzia katika eneo hilihili la Uvira na milima iliyo juu yake. Anayekimbia hubeba mtoto, godoro na sufuria, na akibeba gita ni kwa sababu gita huvalika begani. Ampli ya besi, iliyo nzito kuliko vyombo vyote vya bendi ukiondoa bafle yake, haikimbii na mwenyewe. Kwa hiyo katika nchi ambako vita vimerudi mara kwa mara, urithi wa ampli nzuri kutoka kizazi hadi kizazi, ambao kwingineko ndio unaomwezesha kijana kuanza na chombo cha mjomba wake, ulikatika tena na tena.

Umeme unaopita juu ya vichwa

Mto Ruzizi umezalisha umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, pale kituo cha kwanza, Ruzizi I, kilipojengwa karibu na mahali mto unapotoka Ziwa Kivu, na mwaka 1989 kituo cha pili, Ruzizi II, kinachomilikiwa kwa ushirika na Kongo, Rwanda na Burundi, kikaongezwa chini yake kikiwa na uwezo wa megawati zipatazo 44. Umeme huo umepelekwa zaidi mijini, yaani Bukavu, Uvira na Bujumbura, ilhali vijiji vingi vya uwandani vimeendelea kutegemea jenereta, betri za gari na, katika miaka ya karibuni, sola. Ampli ya besi ndiyo inayoteseka zaidi katika hali hiyo, kwa sababu kila noti ya chini huhitaji kwa ghafla kiasi kikubwa cha umeme. Jenereta ndogo, noti hiyo inapopigwa, huyumba, volti zikashuka, na sauti ya mwimbaji aliyechomekwa kwenye waya uleule ikashuka nayo, kiasi kwamba mpiga besi huombwa apunguze sauti hata pale ampli yake ilipo nzima. Vyombo vilivyotoka Marekani vikiwa vimeundwa kwa volti 110 au 120 viliungua mara moja vilipochomekwa kwenye volti 220 za Kongo bila ya transfoma ya kushushia, na hayo ni majuto ya sekunde moja yaliyokumbukwa kwa maisha.

Mahali ambapo muziki wa besi umedumu kwa uthabiti katika uwanda na milima yake ni kanisani. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden na Norway walianza kazi katika eneo la Uvira mwanzoni mwa miaka ya 1920, na makanisa yaliyotokana na kazi hiyo, yakiwa na hospitali na shule kama zile za Lemera juu ya Luvungi, yalilea kwaya zinazoimba kwa Kiswahili, ambazo baadaye zilipokea magita ya umeme. Katika kwaya hizo suala la mwenye vyombo lilipata jibu tofauti na lile la mijini, kwa kuwa ampli hununuliwa kwa sadaka na michango ya waumini na huwa mali ya kanisa zima. Faida yake ni kwamba chombo hakiondoki na mtu. Hasara yake ni kwamba kamati inayonunua huangalia bei na ukubwa wa sanduku, na mara chache humwuliza mpiga besi.

Wati za karatasi

Tangu miaka ya 2000, wafanyabiashara wa Kivu walipozoea kwenda Dubai na Guangzhou na kurudi na mizigo kupitia Dar es Salaam, Kampala au Bujumbura, uhaba wa zamani ulibadilika kuwa wingi usio na uhakika. Ampli zilipatikana, lakini namba zilizoandikwa juu yake zilikuwa na maana nyingine. Kuna nguvu ambayo chombo huweza kuitoa mfululizo kwa saa nzima, na kuna nguvu ya kilele ambayo huifikia kwa sehemu ndogo mno ya sekunde kabla ya kupotosha sauti. Watengenezaji wa vyombo vya bei ya chini walianza kuandika hiyo ya pili, tena baada ya kuikuza kwa hesabu ambazo hazina kipimo kinachokubaliwa, hata redio ya nyumbani ikaandikwa wati elfu kadhaa ilhali waya wake wa umeme na fyuzi yake visingeweza kupitisha hata sehemu ya kumi ya nguvu hiyo. Mnunuzi mwangalifu alijifunza kuangalia kile kisichodanganya kwa urahisi, yaani matumizi ya umeme yaliyoandikwa nyuma ya chombo, uzito wa transfoma, ukubwa wa sumaku ya spika na unene wa mbao, kwa kuwa chombo hakiwezi kutoa wati zaidi ya zile kinazoziingiza. Ujuzi huo ulirudi, kwa njia ndefu na ya gharama, kwenye kile alichokijua fundi wa sanduku la kidumbak: besi hutaka mwili.

Majuto yaliyogeuka ufundi

Upungufu huu wote haukuacha hasara peke yake. Besi ya muziki wa dansi wa Kongo na Afrika Mashariki inajulikana kwa noti fupi zilizokatwa, kwa mapengo ya ukimya kati ya fungu moja na jingine, na kwa kupanda mara kwa mara kwenye nyuzi za juu, ambako huzungumza na gita la kati kama mtu anayejibu swali. Mtindo huo una mizizi katika ngoma na katika kidole gumba cha gita kavu, na haingefaa kusema kwamba ulizaliwa na ampli mbovu. Lakini ulilingana na ampli hizo kwa namna iliyousaidia kuishi: noti fupi huipa spika dhaifu nafasi ya kurudi mahali pake, pengo hupunguza joto, na noti ya juu hutaka mwendo mdogo wa karatasi. Mpigaji aliyejifunza mahali pa kunyamaza alikilinda chombo na wakati huohuo akaupa wimbo pumzi. Kinshasa, kundi la Konono N°1, lililoanzishwa na Mingiedi katika miaka ya 1960, lilikwenda mbali zaidi: lilikuza sauti ya likembe, yaani chombo cha vijiti vya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba, ikiwemo likembe ya besi, kwa vinasa sauti vilivyotengenezwa kwa sumaku za magari mabovu na kwa vipaza sauti vya kutangazia, na mkwaruzo ambao wengine waliuona kuwa dosari ukawa sauti yake iliyolipeleka duniani kupitia albamu ya Congotronics ya mwaka 2004.

Sikio la binadamu nalo liliwasaidia wapigaji kwa njia ambayo wao hawakuiona. Redio ndogo ya transista yenye spika ya sentimeta kumi haiwezi kabisa kutoa mitetemo 41 kwa sekunde, lakini hutoa mitetemo ya juu inayoandamana na noti hiyo, na ubongo huikisia noti ya msingi iliyokosekana, hivyo msikilizaji wa kijijini aliifuata besi ambayo redio yake haikuitoa. Studioni, kwa upande mwingine, gita la besi liliweza kuchomekwa moja kwa moja kwenye meza ya kurekodia bila ya kupitia ampli, na utepe wa sumaku ukakihifadhi kile ambacho ukumbi haukukisikia. Tom Malanga wa Les Wanyika, ambaye besi yake katika "Sina Makosa", wimbo uliorekodiwa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1970, huubeba wimbo mzima, ni ushahidi wa jambo hilo: mstari huo wa besi, unaposikilizwa leo kwa spika nzuri, hufichua uzito ambao vyombo vingi vya kumbi na nyumba za wakati ule havikuweza kuutoa.

Hapo ndipo majuto ya wapiga besi hupata haki yao katika historia. Mtu anayeijutia ampli aliyowahi kuwa nayo hakumbuki mbao na waya tu, bali anakumbuka umbali uliokuwepo kati ya kile ambacho mkono wake ulikipiga kwenye uzi na kile ambacho ukumbi ulikisikia, na umbali huo haukuandikwa popote isipokuwa katika kumbukumbu yake. Kanda zilizobaki zinathibitisha kwamba noti zilikuwepo, zimepangwa na kupimwa kwa uangalifu, hata pale wachezaji walipozipokea kama mvumo tu kutoka kwenye bafle iliyopasuka. Huko Luvungi, ambako kijana wa kwaya bado huitazama jenereta kabla ya kuugusa uzi mzito, historia hiyo bado inaendelea, na inafaa aijue, ili siku besi yake isiposikika asianze kwa kuulaumu mkono wake.